Mngurumo Ulionyamazishwa kwa Bisibisi

Ipo siku moja ya mwezi wa sita, mwanangu, ambayo hunirudia kila fundi kijana anaposimama mbele ya kaunta yangu na kuniambia maneno kama hayo uliyoniambia sasa hivi. Umesema gari la mteja wako ni la zamani, na likisimama huku linawaka mngurumo wake unapanda na kushuka. Jana ulibadili plagi. Leo unataka koili. Kesho, umesema, utaona.

Koili ipo, sijakunyima. Lakini vuta hicho kiti ukae kidogo. Nimeuza spea hapa Makambako tangu nikiwa msichana, na nimezeekea humu humu. Najua namna fundi anavyoongea akiwa ameujua ugonjwa wa gari, na najua anavyoongea akiwa anabahatisha. Sikukemei. Nataka tu nikusimulie habari ya kaka yangu Eliudi. Yuko hai, yuko Njombe, mikono inamtetemeka siku hizi, na mwenyewe ameniruhusu niisimulie kwa kijana yeyote anayeshika spana.

Wakati huo nilikuwa binti bado sijaolewa. Duka hili lilikuwa la mjomba wetu, chumba kimoja kilichojaa harufu ya mipira mipya na grisi, na ng'ambo ya barabara ilikuwa gereji ya Mzee Mlowe. Eliudi alifanya kazi kwenye gereji hiyo. Alikuwa mwepesi, mwanangu! Ungempenda. Aliimba besi kwenye kwaya ya kanisani, na hata akiwa chini ya gari ungemsikia anaimba. Madereva waliotoka Songea kwenda Mbeya walisimama wakauliza, "Yuko wapi yule kijana mwenye mikono mepesi?" Naye alipenda kuulizwa hivyo. Nani asiyependa?

Mzee Mlowe alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Mteja akija, yeye alimkaribisha kama mgeni aliyekuja nyumbani kwake kunywa chai. Alimwacha aseme yote, hata yale ambayo sisi tuliona ni porojo. Gari umelinunua wapi? Wiki iliyopita ulipita barabara gani? Nani mwingine analiendesha? Kisha alisimama mbele ya injini, mikono nyuma, macho ameyafumba nusu. Sisi vijana tulicheka tukisema mzee anasinzia.

Basi siku hiyo ya mwezi wa sita, ukungu ulikuwa bado haujaondoka barabarani na baridi ilikuwa ile ya kwetu unayoijua, ikaingia pikapu ya bluu kutoka Kichiwa. Ilikuwa ya Mzee Nyagawa. Hata wakati huo ilikuwa gari kuukuu, ya petroli, rangi imebabuka, lakini pale Kichiwa ndiyo ilikuwa gari ya kila mtu. Ilileta viazi na kabichi sokoni Makambako, ikarudi na mbolea, chumvi, mabati, na watoto wa shule waliochoka kutembea. Mama akishikwa na uchungu, Mzee Nyagawa aliamshwa. Hakuwa tajiri. Alikuwa mkulima na mzee wa kanisa, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, na siku hiyo alikuja na mkewe, mama Tumaini, amejitanda khanga juu ya koti.

"Kamwene, mafundi," alisalimia. "Naona gari yangu inaumwa. Nikisimama inahema kama mtu aliyepanda mlima na mzigo."

Na kweli ilihema. Ule mngurumo wa gari lililosimama huku injini inawaka, ninyi na sisi tunauita sailensa. Sailensa ya pikapu ile ilikuwa haitulii. Ilipanda ikalia kwa nguvu, ikashuka mpaka ukadhani inazima, halafu ikajikokota ikapanda tena. Mimi niliisikia kutoka hapa dukani.

Eliudi hakungoja mzee amalize. "Kabureta hiyo," alisema, tayari ameshafungua boneti. "Imejaa uchafu. Kaa pale, mzee, nakumalizia sasa hivi."

Mzee Mlowe alikuwa anajifunga koti lake. Lori la kubebea majani ya chai lilikuwa limeharibika huko Lupembe, na kulikuwa na gari lililokuja kumchukua akalitengeneze. Alisimama mlangoni akamtazama kaka yangu.

"Umemuuliza imeanza lini?"

"Nitaona mwenyewe, baba."

"Muulize kwanza, Eliudi. Ukishamuuliza, sikiliza injini. Ukishasikiliza, ndiyo ushike spana."

"Sawa, baba," alijibu Eliudi, na mkono wake ulikuwa umeshashika spana. Mzee Mlowe akapanda lile gari lililomfuata, akaenda.

Kabureta ilifunguliwa, ikaoshwa, ikarudishwa. Pikapu ikawashwa, ikatulia, na Eliudi akaanza kuimba. Wimbo haukufika mbali. Injini ilipopata moto, sailensa ikaanza tena kupanda na kushuka. Akavuka barabara akaja kwangu kuchukua plagi mpya. Zikafungwa. Ikatulia, ikapata moto, ikaanza. Akaja kuchukua kipuri kingine cha kuwashia moto, pointi. Halafu kondensa. Kila alipokuja aliongea kidogo kuliko mara iliyotangulia, kwa sababu madereva wengine walikuwa wameanza kusogea kutazama, na mmoja wao alikuwa anacheka.

Kondensa niliipeleka mwenyewe. Nilipofika gereji nilimkuta Mzee Nyagawa ameinuka alipokuwa amekaa, amesimama karibu na boneti, kofia mkononi.

"Kijana wangu," alisema, "kuna jambo jingine nilitaka kukwambia tangu asubuhi. Nikikanyaga breki, mlio wa injini unabadilika. Na pedeli yenyewe siku hizi imekuwa ngumu, hasa gari ikishatembea sana."

Kaka yangu alikuwa ameingiza kichwa ndani ya boneti. Hakukitoa. "Breki ni breki, mzee, na injini ni injini. Tumalize hili moja. La breki utakuja siku nyingine nikutazamie."

"Lakini mwanangu," mama Tumaini alisema, "yote mawili yameanza pamoja."

"Mama, niachie kazi yangu."

Alisema kwa heshima, hakumfokea. Lakini mama wa watu alirudi nyuma akakaa kimya, na mumewe akavaa kofia yake. Mimi nilikuwa muuza duka tu, sijui chochote cha injini zaidi ya majina ya vipuri. Niliona kaka yangu amejibu kama mtaalamu.

Kondensa nayo haikusaidia. Jua lilikuwa limeshapita utosini. Ndipo Eliudi alipochukua bisibisi, akaiingiza kwenye ile skrubu ya kabureta inayoongeza mwendo wa injini, akaizungusha. Mngurumo ukapanda juu, ukakaa huko huko juu. Haukushuka tena. Injini ililia kwa nguvu kuliko kawaida, lakini ililia moja kwa moja bila kuyumba.

"Haya, mzee! Imetulia."

Madereva wakasema fundi ni fundi. Mzee Nyagawa akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru, akamwombea baraka. Wakapakia mifuko ya mbolea, mama Tumaini akapanda mbele, wakaondoka. Nakumbuka nilimwona Eliudi akifuta mikono kwa kitambaa huku anawatazama wanavyokata kona. Hakuimba.

Kesho yake habari ilifika sokoni pamoja na watu wa Kichiwa. Kabla ya kufika kijijini kwao kulikuwa na mteremko mrefu unaoshuka mpaka kwenye daraja dogo la miti. Pikapu ilipoanza kushuka, Mzee Nyagawa alikanyaga breki na pedeli ikawa ngumu kama amekanyaga jiwe. Chini darajani kulikuwa na wanawake wanavuka na mizigo ya kuni. Mzee akaielekeza gari kwenye ukingo wa barabara, upande wa dereva, alikokaa yeye mwenyewe. Ikagonga udongo, ikalala ubavu. Mama Tumaini alitoka na michubuko. Mguu wa kulia wa mzee ulibanwa na mlango, na walipomfikisha hospitali Njombe, madaktari hawakuweza kuuokoa.

Wale wanawake wa kuni walifika kwao salama. Ajabu ni kwamba hilo halikusemwa sana. Kilichosemwa sana ni kwamba mzee amezeeka, hawezi tena gari. Wengine wakasema siku ile sokoni alikunywa ulanzi akalewa. Mzee wa kanisa, mtu ambaye ulanzi hakuugusa! Lakini maneno yakishatoka hayaulizi mtu ni wa namna gani.

Ninayokueleza sasa sikuyaona. Eliudi alinisimulia miaka mingi baadaye, nami nakupa kama alivyonipa, ili ujue kilichokuwa kinaisumbua gari ile.

Pikapu ilivutwa ikaletwa gereji baada ya Mzee Mlowe kurudi kutoka Lupembe. Ubavu ulikuwa umebondeka, lakini injini ilikuwa nzima. Mzee Mlowe alifunga geti, wakabaki wawili. Hakuigusa gari. Alimwambia Eliudi, "Nieleze kila alichokwambia mwenye gari." Kaka yangu akaeleza. Alipofika kwenye habari ya breki, mzee alimwambia arudie. Akarudia.

Mzee Mlowe akarudisha ile skrubu mahali pake pa zamani, akawasha, akaiacha injini ipate moto. Sailensa ikaanza kupanda na kushuka. "Panda, kanyaga breki," alisema. Eliudi akakanyaga, mlio ukabadilika, kama alivyosema mzee wa watu. Kisha Mzee Mlowe akachukua koleo, akalifunga kitambaa lisikate, akaubana ule mpira mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye busta ya breki.

Injini ikatulia. Ikawa inanguruma taratibu, sawasawa, kama gari jipya. Akaachia koleo, ikaanza kuhema. Akabana, ikatulia.

Akaugeuza mpira ule. Kwa chini, pale ulipokuwa unasugua chuma, kulikuwa na ufa. Mpira ukiwa baridi ufa ulijibana, na kwa hiyo kila gari ilipowashwa upya baada ya kazi ilionekana imepona. Mpira ukipata joto ulilegea, ufa ukafunguka. Injini ikanyonya hewa isiyoihitaji, ndiyo maana ikapanda na kushuka. Na kupitia mpira huo huo injini ndiyo inayousaidia mguu wa dereva kwenye breki. Hewa ikivujia hapo, msaada haufiki, dereva anabaki na nguvu za mguu wake peke yake. Na siku ile, gari ikiwa na mbolea mteremkoni, ufa ulifunguka kabisa.

Ulikuwa ugonjwa mmoja, mwanangu. Mzee Nyagawa alikuwa ameusema wote pale pale gereji, kofia mkononi.

Mzee Mlowe alizima injini. Eliudi anasema alitamani apigwe. Hakupigwa, wala mzee hakupandisha sauti.

"Kutojua sikukasirikii," alimwambia. "Mimi pia kuna magari yalinishinda. Nakukasirikia kwa sababu aliyejua alikuwa amesimama karibu yako, ukamwambia anyamaze. Halafu injini nayo ikawa inakwambia, ukainyamazisha na yenyewe kwa bisibisi. Hukuiponya, ulizima kelele zake."

Eliudi akalia.

"Futa uso," alisema mzee. "Utakwenda hospitali Njombe, umwambie Nyagawa tulichokiona hapa. Umwambie wewe. Hili si neno la kumtuma mtu mwingine. Nikimwambia mimi, nitakuwa nimekuibia nafasi ya kuwa mwanaume."

Kaka yangu alisema atakwenda. Juma lililofuata mzee alimuuliza, akajibu amekwenda lakini alimkuta mgonjwa amelala. Alipoulizwa tena alisema amemwambia, na yameisha. Mzee Mlowe alimwamini. Alimwamini kwa sababu yeye mwenyewe asingeweza kudanganya juu ya jambo kama hilo. Haikupita muda mrefu akaugua kifua, akarudi kwao Lupembe kupumzika, na huko ndiko alikofia.

Eliudi hakuwa amekwenda. Alifika mpaka kwenye geti la hospitali, akageuka.

Akahamia Njombe mjini, akafungua gereji yake. Nami nitakwambia ukweli, akawa fundi mzuri kuliko wote niliowahi kuwaona. Alimuuliza mteja maswali mpaka mteja akachoka. Alisimama mbele ya injini, mikono nyuma, vijana wake wakimcheka kama tulivyomcheka mzee wetu. Gari lenye sailensa inayocheza hakukubali kulitoa mpaka apate sababu. Watu walisema Eliudi amekomaa. Mimi pia nilisema hivyo, na nilijivunia. Sikujua kilichokuwa kinamla.

Mama Tumaini sasa alikuwa akija sokoni kwa basi na furushi lake la mboga. Kila akija alipita dukani kunisalimu. "Mzee anamsalimia Eliudi," alikuwa akisema. "Anasema siku akipita njia ya kwetu aingie, kuna jambo anataka kumuuliza kama fundi." Nilizifikisha salamu hizo kila nilipokwenda Njombe. Kaka yangu alizipokea, akainama, akatafuta kitu cha kufanya. Nilipomwambia twende pamoja, alikuwa na kazi. Mwaka ukaisha, ukaja mwingine. Alioa, akazaa, akajenga. Salamu zilikuwa zinakuja tu.

Kisha siku moja mama Tumaini hakuja yeye, alikuja mwanawe amevaa nguo nyeusi, kuniambia mzee amefariki.

Nilikwenda Njombe kumchukua Eliudi. Safari hiyo sikumpa nafasi ya kusema ana kazi. Tulichelewa mazishi kwa sababu ya mvua, barabara ya kule ilikuwa matope matupu, na tulipofika Kichiwa watu walikuwa wameshatawanyika. Mama Tumaini alikuwa jikoni, amekaa karibu na moto na dada yake. Alipomwona kaka yangu mlangoni aliinua kichwa.

"Eliudi," alisema. "Umechelewa, mwanangu. Lakini ingia."

Tulikaa. Tukapewa viazi na chai. Hakuna aliyekula. Kaka yangu alikuwa anazungusha kikombe mikononi, na mama Tumaini ndiye aliyeanza kusema, taratibu, kama mtu anayezungumza na moto.

"Marehemu alikuwa na swali moja. Alikaa pale kwenye kiti kile, miaka yote hiyo, na ule mguu uliobaki ulikuwa unakanyaga sakafu. Anakanyaga, anaachia. Nikimuuliza, baba Tumaini, unafanya nini, ananijibu, 'Nataka nijue kama siku ile nilikanyaga kweli. Labda niliogopa. Labda nilikanyaga klachi nikadhani ni breki.' Watu walipomsema kwamba alikunywa, aliacha kusoma neno kanisani. Aliniambia mtu asiyejua mguu wake ulifanya nini hawezi kusimama mbele za watu. Tumaini alitaka kujifunza gari, akamkataza. Alikuwa anasema, yule kijana fundi akija nitamuuliza, yeye atajua."

Mwanangu, nimekaa kwenye misiba mingi. Sijawahi kusikia swali kama lile.

Eliudi aliweka kikombe chini. Akapiga magoti pale kwenye udongo wa jikoni, mtu mzima mwenye mvi, baba wa watoto.

"Mama," alisema, "alikanyaga breki. Alikanyaga sawasawa. Breki ndiyo haikuwepo. Mpira ulikuwa umepasuka, aliniambia mwenyewe, na wewe uliniambia, sikuwasikiliza. Tuliuona ule ufa na Mzee Mlowe. Nilijua tangu wakati ule, mama. Nilijua siku zote."

Mimi ndipo nilipoisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza.

Mama Tumaini hakulia. Alichukua ukuni, akausukuma ndani ya moto, akafuta mikono kwa khanga yake.

"Ungemwambia," alisema.

Dada yake alianza kumsuta Eliudi kwa Kibena, yeye akamnyamazisha kwa mkono. Hatimaye alimwambia kaka yangu ainuke, akae kwenye kiti.

"Mimi nimekusamehe," alisema. "Nakwambia mbele ya dada yako na wangu, ili usije ukasema hukusikia. Lakini nimekusamehe sehemu yangu. Sehemu ya mzee sina uwezo nayo. Alikuwa tayari kukupa, angekupa siku ile ile ya kwanza, kwa furaha, maana ungekuwa umemrudishia mguu wake. Sasa hayupo."

Kaka yangu akamuuliza afanye nini.

"Jumapili uje. Watu waliomsema wako hai. Uwaambie."

Alikwenda, nami nilikwenda naye. Ibada ilipokwisha, watu wakiwa wamesimama nje kwenye baridi wanasalimiana, mchungaji aliwaomba wasubiri. Eliudi alisimama akaeleza yote, ya kabureta na plagi, ya bisibisi, ya mpira, ya mwanamke aliyesema yote yameanza pamoja akaambiwa aache kazi ya watu. Alieleza kwamba Mzee Nyagawa alielekeza gari ukingoni akijua ni upande wake, ili asiwafikie wale waliokuwa darajani. Mama mmoja mzee aliyekuwa mbele aliinama akajifunika uso. Alikuwa mmoja wa wale wa kuni. Mwanamume mwingine, ambaye najua ndiye aliyeanzisha maneno ya ulanzi, aliondoka bila kuaga mtu.

Lilikuwa jambo jema, kulisema. Lakini nikikwambia kwamba kaka yangu alirudi mwepesi nitakuwa nakudanganya. Njiani kurudi aliniambia, "Dada, nimewaambia wote isipokuwa yule aliyeniuliza." Mpaka leo nikienda kumtembelea Njombe, tukiwa tumekaa tunakunywa chai, ataanza kuzungumza habari za parachichi au za wajukuu, halafu atanyamaza katikati, nami najua ameshafika Kichiwa.

Kwa hiyo nasema nawe, mwanangu, kama dada wa fundi. Siku hizi mna mashine za kuchomeka kwenye gari zikawasomea ugonjwa, na ni jambo zuri. Lakini magari haya ya zamani hayana pa kuchomeka kitu, yana mwenyewe tu, na mwenyewe ndiye aliyeshinda nayo. Muulize. Imeanza lini, ikiwa baridi au ikiwa na moto, ukikanyaga breki inakuwaje, nini kingine kimebadilika siku zile zile. Akikwambia mambo mawili yameanza pamoja, usimtenganishie kabla hujaangalia. Sailensa ikicheza, tafuta hewa inapoingilia kabla hujatafuta kipuri cha kununua, hata kama mwenye duka ndiye mimi. Na usiinue mwendo wa injini ili kuficha kuyumba kwake, kwa sababu utakuwa umeziba mdomo wa kitu kinachokuonya.

Na hili la pili ndilo zito zaidi, kwa sababu la kwanza hata fundi mwema linaweza kumpata. Siku utakapokosea, na utakosea, nenda. Nenda wakati mkono bado una grisi, kabla hujapata maneno mazuri ya kujitetea. Usingoje aibu ipungue, haipungui kwa kungoja. Yule uliyemkosea huenda amekaa mahali anajilaumu kwa jambo ambalo ni lako. Wewe unadhani unaficha kosa lako, kumbe umemwachia yeye alibebe. Mwambie akiwa bado anaweza kukujibu, hata kama jibu lake litakuwa matusi. Matusi ya mtu aliye hai yana nafuu.

Mungu ailinde mikono yako, mwanangu, na akupe masikio makubwa kuliko sifa zako. Kila atakayekuachia gari lake afike kwake, akute moto unawaka na watu wake wote. Na ikitokea ukawa na deni la neno kwa mtu yeyote, Mungu akupe miguu ya kulipeleka mapema, umkute mwenyewe akiwa bado mlangoni anakusubiri.